Maji Kwenye Mvinyo wa Mzee Ndahani

Wiki ya tatu sasa tangu nirudi, na bado kila anayepita dukani ananiuliza: "Mama Glory, ulipotelea wapi?" Wa jumuiya wameuliza, jirani yangu wa vitenge ameuliza, hata muuza kahawa ameweka birika chini akataka asimuliwe. Nimechoka kusimulia nusu nusu huku nahudumia wateja. Nimekaa nikaandika yote. Habari za kukata tiketi nimeziruka, hazina utamu. Mliyotaka kujua ni haya.

Kariakoo, kabla ya kuondoka

Duka langu mnalijua, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, kati ya vitenge na duka la mabomba. Nauza soda, maji, bia na mvinyo kwa jumla. Lakini kwa miaka mitano kitu nilichojivunia kilikuwa kimoja: mvinyo mwekundu, mkavu, wa mzee Ndahani wa Dodoma. Mzee hana kiwanda cha kutangazwa. Ana ekari mbili za mizabibu, matangi machache ya kuchachushia, na binti yake, Yustina. Mzigo ulikuja kwa lori, kila chupa imeviringishwa gazeti kama mtoto mchanga.

Sikuwahi kumwona uso. Tulijuana kwa simu tu, lakini simu zenyewe zilikuwa za ndugu. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia kuuliza hali za watoto. Glory alipolazwa kwa taifodi, mzee alipiga asubuhi na jioni, na siku moja akamwombea kwa Kigogo kwenye spika ya simu, kwa sauti kubwa, mpaka manesi wakasimama na sindano zao kumsikiliza.

Mzigo wa mwaka huu ulipofika, mpishi wa mgahawa mmoja kule Kivukoni, mteja wangu wa siku nyingi, alirudi na chupa mkononi.

"Mama Glory, umetuletea juisi ya ubuyu."

Nikaonja. Ule ukakasi mzuri, unaoshika ulimi kama bibo la korosho, haukuwepo. Ulipita kooni kama chai iliyochemshwa kwa majani ya jana. Kabla wiki haijaisha wateja wengine wawili wakaja na lalamiko hilo hilo.

Nikashika simu, nikamrekodia mzee ujumbe wa sauti. Siuandiki wote, naona aibu. Mwisho wake nilisema: "Mzee, kama ilikuwa lazima utie maji, ungetia hata ya mtungini, yana ladha kidogo."

Zikatokea alama mbili za bluu. Hakujibu. Jumapili ikapita bila simu, na nyingine, na nyingine. Nikajifanya sijali. Kisha dereva wa lori lililokuwa likiniletea mzigo akapita dukani kunywa soda.

"Mama, umesikia ya kwa mzee Ndahani? Mizabibu haijapogolewa hata mmoja, na muda unapita. Yustina hataki kugusa mkasi. Kuna mtu wa viwanja anakuja na gari lake. Wiki ijayo wanapima shamba, liuzwe viwanja."

Kupogoa, kwa msiojua, ni kuikata mizabibu matawi yake ya zamani ili ianze msimu upya. Isipokatwa kwa wakati wake, hakuna cha maana utakachovuna.

"Kisa nini?" nikauliza.

Dereva akaangalia soda yake. "Kisa ni wewe. Ujumbe wako aliufungua Yustina, mbele ya watu."

Jioni ile nilimweleza Baba Glory. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda. Dukani nitakaa mimi." Treni ilikuwa imejaa, kwa hiyo alfajiri nikapanda basi kutoka Mbezi.

Mbezi hadi Morogoro

Kitini pembeni yangu alikaa mama wa makamo ya mama yangu, buibui jeusi, hina mikononi, kapu kubwa mapajani ambalo alikataa katakata liwekwe kwenye buti.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mwanaidi, wa Mtaa wa Swahili, hapo hapo Kariakoo, nimezaliwa kwenye nyumba ninayoishi. Naenda Dodoma, mjukuu wangu kajifungua, tunamfanyia arobaini ya mtoto. Na wewe?"

Nikaona haya kumwambia mama mtu mzima wa Kiislamu kwamba nafuata mambo ya mvinyo. "Naendea zabibu," nikasema.

"Zabibu kavu?"

Kichwani mwangu kulikuwa na mvinyo mkavu tu. Nikajibu bila kufikiri: "Ndiyo, kavu."

Uso ukamng'aa. "Alhamdulillah! Hizi za madukani siku hizi zina mchanga, zinavunja meno. Na Ijumaa tunapika pilau! Utanichukulia kilo mbili."

Ningeweza kurekebisha pale pale. Sikurekebisha. Alifunua kapu, akanipa kababu na mkate wa kumimina, mimi nikatoa mayai na ndizi, na kila tulipotafuna alinichimba. Zinaanikwa kwenye mkeka au kwenye bati? Kwenye bati, nikasema. Zinakaa juani siku ngapi? Saba. Ndege hawazili? Tunafukuza. Mpaka tunafika Morogoro nilikuwa nimeshajijengea kiwanda kizima cha zabibu kavu, na Bi Mwanaidi alikuwa ameshawapigia simu ndugu wawili kuwauliza kama nao wanahitaji.

Gairo

Tulipopanda vilima vya Gairo, injini ilipiga kelele moja kisha ikanyamaza. Mkanda umekatika, akasema kondakta, mwingine unatafutwa. Tukashuka wote. Wenye safari zao za ndani ya Tanzania mnaujua upepo wa Gairo: mimi mzaliwa wa Marangu nilijifunga khanga mbili, na Bi Mwanaidi akajikunja ndani ya buibui mpaka yakabaki macho. Tulinunua viazi vitamu vya kuchemsha, vya moto, tukawa tunavishika kwanza kupasha mikono ndipo tule.

Saa moja ikapita, ya pili ikaingia. Bi Mwanaidi akatoa simu.

"Hebu nipe namba ya huyo mwenye shamba, nimwambie mwenyewe. Tumeshafika kilo tano."

Nikashindwa. "Bi, nimekudanganya. Hakuna zabibu kavu. Mimi nauza pombe Kariakoo. Naenda kwa mzee anayetengeneza mvinyo, nimemkosea." Nikamweleza yote, mpaka lile neno la mtungi.

Alitafuna kiazi chake taratibu mpaka kikaisha.

"Kwa hiyo pilau yangu haina zabibu."

"Haina, Bi. Nisamehe."

Mara akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu wa basi. "Na yale mabati yote? Na ndege?" Alipofuta machozi, akanigeukia. "Mimi pombe siijui na sitaki kuijua. Ila nikuulize. Huyo mzee ulimwona akitia maji?"

"Hapana. Nilionja."

"Ulimi ulikwambia kuna kasoro. Jina la mkosaji ukaliweka mwenyewe." Akachukua kiazi kingine. "Ukifika usianze na biashara. Msalimu, kaa, kula chakula chake, chochote atakachokupa. Ukikataa chakula chake, geuza urudi."

Mkanda ulipopatikana jua lilikuwa limeshapinda. Tulifika Dodoma jioni, na Bi Mwanaidi hakutaka hata kusikia habari ya nyumba ya wageni. Nililala kwa mjukuu wake, chumba kimoja na mtoto mchanga aliyekuwa na mapafu ya mwadhini.

Kwa Ndahani asiye wangu

Asubuhi nilimwambia dereva wa bodaboda: nipeleke upande wa Hombolo, kwa mzee Ndahani wa mvinyo. "Namfahamu sana," akasema. Tukaenda mwendo mrefu wa vumbi, tukasimama mbele ya kilabu kimoja kijijini. Nje kwenye benchi alikaa mzee mmoja, macho mekundu, kofia imeegemea sikio.

"Huyo hapo," akasema dereva. "Ndahani wa mvinyo."

Nikapiga magoti nusu. "Shikamoo, baba. Nimekuja kukuomba radhi."

"Marahaba! Nimekusamehe," akasema mzee kwa furaha kubwa. "Sasa nunua."

Ilichukua muda kuelewana kwamba huyu ni Ndahani anayeunywa, na mimi namtafuta Ndahani anayeutengeneza. Alinielekeza mwenyewe, kwa heshima zote: vuka korongo, panda kule kwenye mawe.

Shambani

Shamba la mzee liko juu, kwenye mteremko chini ya majabali makubwa ya rangi ya kijivu. Nilikuwa nimejichorea moyoni shamba la kijani. Niliyoyaona ni mashina makavu yaliyopindapinda kwenye nyaya, matawi yamening'inia ovyo, na ardhi nyekundu yenye changarawe, iliyokauka mpaka inalia chini ya viatu. Chini bondeni, shamba la jirani lilikuwa linametameta kwa majani.

Mwanamke wa kama miaka thelathini alitoka ndani akifuta mikono.

"Mbukwa," nikamsalimu, neno pekee la Kigogo ninalolijua. "Mimi ni Mama Glory, wa Kariakoo."

Akasimama. "Sauti naijua," akasema. "Baba yuko ndani." Akapita, akaenda kukaa mbali, kwenye ndoo iliyogeuzwa, mgongo kwetu.

Mzee Ndahani ni mwembamba, mrefu, na alikuwa na miwani myeusi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho moja, kumbe, na mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa haoni vizuri. Katika simu zote zile za kuniuliza hali za wanangu, la kwake hakulitaja. Nilimshika mkono, nikamwamkia. Akanikalisha, akaagiza chakula.

Kikaja ugali wa uwele na mlenda. Ninyi mnanijua. Mlenda na mimi hatujawahi kupatana, ukiinua tonge unakufuata kama uzi wa fundi cherehani. Nikamkumbuka Bi Mwanaidi, nikala. Nikala na la kuongezewa. Ndipo nikasema.

"Baba, nilikutuhumu umetia maji. Nilisema maneno ya hovyo. Nimekuja uniangalie usoni uniseme."

Alinisogezea bakuli la mlenda. "Kula kwanza umalize," akasema. "Kisha tutembee."

Alitupeleka kwanza chini, kwa jirani. Nasema alitupeleka kwa sababu Yustina naye alifuata, hatua kumi nyuma. Bondeni udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, unanata viatuni. Vichala vilikuwa vikubwa, zabibu moja ukubwa wa gololi. Mzee akaomba kimoja kwa mwenye shamba, akanipa.

"Ni tamu," nikasema. "Ina maji mengi."

"Ni nzuri ya kula mezani. Udongo huu unashika maji, mzabibu unakunywa bila kuhangaika. Mwenyewe anavuna mara mbili kwa mwaka, na sokoni wanazigombania. Mimi navuna mara moja. Mzabibu wangu nauacha upumzike." Tukapanda tena kule juu. Akachota udongo wake mwekundu, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa mwepesi, ukapita vidoleni kama mtama. "Huu maji hayakai. Mzizi hauna budi kushuka chini kuyatafuta, mpaka kwenye nyufa za mawe. Zabibu zake ni ndogo, ganda nene. Ule ukakasi unaoupenda, na ile rangi, vinatoka kwenye ganda. Zabibu ikivimba kwa maji, ganda linakuwa jembamba na ndani panakuwa na maji tu. Basi na mvinyo nao ndivyo unavyokuwa."

Akachukua jembe dogo, akapiga magoti penye mpira wa umwagiliaji, ule wenye vitundu vya kudondoshea matone. Alichimba kiganja kimoja tu. Palikuwa na mizizi myembamba, myeupe, imesongamana kama tambi.

"Imepanda juu kufuata maji," akasema. "Mwaka jana ilimwagiliwa kila siku. Na matawi yaliachwa mengi, kila tawi na vichala vyake. Tulivuna karibu mara mbili ya kawaida." Akajifuta mikono. "Kwa hiyo, mama, ulimi wako haukukosea. Maji yalikuwemo. Yaliingilia huku chini. Nami nilionja kabla sijafunga chupa hata moja. Nilijua. Nikakutumia bila kukwambia. Mimi ndiye wa kukuomba radhi."

Nyuma yetu Yustina akasema, "Ulijua?"

Mzee hakugeuka.

"Baba, ulijua? Mimi ndiye niliyekata. Mimi ndiye niliyemwagilia. Ulikuwa huoni, jua linawaka, kila asubuhi naiona mizabibu imenyauka majani nikaihurumia. Nilipovuna vile vichala vyote nilikuja kukuonyesha. Ulisemaje?"

"Nilisema umefanya vizuri."

"Ulisema nimefanya vizuri!" Akaja akasimama mbele yake. "Miezi yote hii najua nimefanya vizuri. Mpaka nafungua simu nasikia mtu wa Kariakoo anasema baba yangu mwizi. Nikajiuliza, labda kweli ulitia maji. Nilikushuku, baba. Nilichukua chupa nikaonja, nikakushuku wewe."

Mzee akavua miwani. Jicho la upasuaji lilikuwa jekundu bado. "Ulifanya kazi yote peke yako," akasema, "ukaja na kile kichala unacheka. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia kweli." Akaninyooshea kidole bila kuniangalia. "Huyu katutukana. Lakini angalau kasema."

Sikujivunia, wallahi. Nilitamani ardhi ile ya changarawe ifunguke. Nikasema tu, "Yustina, nisamehe na wewe. Nilisema kabla ya kuuliza."

Akageuka akaenda nyumbani, na mimi na mzee tukabaki tumesimama tusijue la kufanya na mikono yetu. Simu ya Yustina ililia ndani, tukamsikia anaongea. Alipotoka alikuwa ameshika mkasi wa kupogolea.

"Alikuwa yule wa viwanja," akasema. "Nimemwambia asije. Haya, baba. Nionyeshe."

Safu ya tatu

Daktari alikuwa amemkataza mzee vumbi na kuinama, kwa hiyo tulimwekea kiti mwanzo wa safu. Alishika tawi, akalipapasa kwa kidole gumba akitafuta macho, yaani vile vinundu ambamo chipukizi litatokea.

"Moja. La pili. Kata hapo, juu kidogo, mkato ulalie upande ule maji yasiingie jeraha."

"Mawili tu?" Yustina akauliza. "Tawi lote hili?"

"Mawili."

Alikata kama anayekata nywele za mtoto wake. Kwenye mzabibu wa nne aliacha macho matatu, mzee akapapasa, akasema, "Hapa umeona huruma." Yustina akakata. Ilikuwa mara ya kwanza nawasikia wanacheka pamoja.

Nilikuwa nimepanga kulala usiku mmoja. Nilikaa siku nne. Walinipa safu ya tatu, kwa kuwa iko karibu na mzee. Jamani, mkono unauma. Nilikata pasipokatwa, nikaacha pasipoachwa, na mara moja nilikata waya. Jioni ya mwisho mzee alifungua chupa ya mwaka wa kabla ya ugonjwa wake, tukanywa kidogo kidogo kwenye vikombe vya chai. Ukakasi ulikuwepo, na nyuma yake utamu fulani wa taratibu kama wa zambarau. Yustina alishika cha kwake muda mrefu.

"Kumbe hivi," akasema. "Sikuwahi kuunywa kwa kuusikiliza."

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka stesheni ya Dodoma. Kabla hatujaachana aliniandikia namba yake. "Ukionja tena ukaona kasoro, nipigie mimi," akasema. "Usimpigie baba. Mimi ndiye ninayekata."

Kurudi

Kurudi hakuna hadithi. Treni ya umeme ilitufikisha mjini kabla sijamaliza karanga zangu, nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu na kichala cha Bi Mwanaidi kwenye mfuko. Ni cha jirani wa bondeni, nilikuwa nimemwahidi kwamba akirudi Kariakoo nitampelekea, na alikipokea akasema angalau hiki hakina mchanga.

Ule mvinyo mwepesi nauuza bado, na nausema ulivyo: mzabibu ulikunywa sana mwaka ule, uweke baridi, unywe na samaki. Mpishi wa Kivukoni amechukua kreti mbili.

Jana mchana Yustina alinipigia. Machipukizi yametoka, safu zote.

"Hata yangu?"

"Hata yako. Ila imechipua upande upande, kama kichwa cha mtu aliyenyolewa akiwa amelala."

Nikaona aibu. Nikamwambia bado mapema, waikate upya, nisiwaharibie shamba.

"Thubutu," akasema. "Baba kila asubuhi anavaa viatu, anakwenda mwenyewe mpaka kule kuicheka. Tuiache hivyo hivyo."